Bolti Sita za Mbawa

Kazi yangu ni kufunga TV ukutani. Naitwa Selpher, nakaa Utange, na huu ni mwaka wa tisa nikiifanya. Watu wakipiga simu na kusikia sauti ya mwanamke huuliza kama fundi yupo. Huwaambia yupo, ndiye anayeongea, kisha huwauliza ukuta wao umejengwa kwa kitu gani. Mtu huijua TV yake inchi kwa inchi, lakini ukuta wake haujui.

Bwana Najib wa Jomvu Kuu aliujua.

"Bloku za inchi nne, lipu pande zote mbili," aliniambia kwenye simu. "Nimeusimamia mwenyewe ukijengwa."

TV yake ilikuwa ya inchi tisini na nane. Gari lililoileta liliishia barabarani, kwa sababu njia za kule ndani ni za miguu, na wanaume sita wakaibeba hadi nyumbani wakisimama kila kona kushauriana. Mlangoni haikupita. Ilibidi fremu ya dirisha ing'olewe ndipo ikaingia. Nilipofika mimi, dirisha lilikuwa limeegemezwa nje na TV imeegemezwa ndani, na Bwana Najib amekaa mbele yake akiitazama, ingawa haijawashwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ndoo uone," akaniita kwa mkono.

Alikuwa mzee wa miaka sitini na tatu, mwembamba, karani mstaafu wa bohari bandarini. Kila kitu alikisema kama anayekisoma kwenye orodha. Aliniambia ameinunua TV hiyo kwa sababu ya mato yake: katika ile ya zamani alikuwa haoni tena mpira wenyewe, anaona wachezaji tu wakikimbia, na anaamini mpira upo.

Nikaugonga ukuta kwa kidole. Bloku za aina ile zina uwazi ndani, na TV ile pamoja na breketi yake ilikaribia kilo sitini na tano. Misumari ya kawaida ingeng'oka. Nilitaka kupitisha bolti hadi upande wa pili na kuzikaza huko kwa bamba la chuma.

"Nyuma ya ukuta huu kuna nini?"

"Stoo," akasema.

"Naweza kuingia?"

"Ufunguo umepotea."

Nikamwambia basi nitatumia bolti za mbawa. Bolti ya namna hii ina mbawa mbili za chuma zilizokunjwa. Ukiisukuma tunduni, mbawa zinapita zimekunjwa; zikitokea upande wa pili zinafunguka, na ukikaza huku, kule zinaukumbatia ukuta. Fundi hahitaji kuingia chumba cha pili. Bwana Najib alilipenda sana jambo hilo, akaniuliza mara mbili kama kweli sihitaji kuingia.

Keekee ilipopenya tundu la kwanza, nilinusa udi. Ulikuja kwa lile tundu, taratibu, udi mzuri wa nyumbani. Stoo hainukii udi. Nilisimama nikiwa nimeishika keekee, nikamtazama Bwana Najib, naye akawa anaangalia dari. Ningeuliza tena. Sikuuliza. Nilitoboa matundu mengine matano, nikapitisha bolti, nikakaza, na wanaume wanne wakanisaidia kuipandisha TV. Nikapima chumba ili nimwonyeshe mahali pa kuweka kiti. Upana ulikuwa futi kumi na tatu na inchi moja, nikauandika kwenye daftari langu kama ninavyofanya kila kazi.

Dada yake, Bi Jalila, aliyekaa vyumba vya uani, ndiye aliyetuletea kahawa. Aliitazama TV, akaniuliza jina langu na namba yangu ya simu, akaondoka na sinia.

Wiki tatu baadaye nilipigiwa simu na mtu anayejiita Mwidani. Akasema ana TV ya leza, anakaa Jomvu Kuu, nyumba yenye mlango wa kijani kwenye kichochoro cha nyuma ya msikiti. Kichochoro hicho sikukijua, maana mara ya kwanza nilikuwa nimepitia njia ya mbele. Nikabisha hodi, nikakaribishwa, nikavua viatu na kuingia kwenye sebule safi yenye makochi mawili na zulia. Chetezo cha udi kilikuwa pembeni.

Katikati ya ukuta, kwa safu mbili, kulikuwa na bolti sita zimechomoza, kila moja na mbawa zake zimefunguka juu ya lipu. Lipu ilikuwa imebanduka kidogo kila zilipotokea.

Fundi huzijua bolti zake.

Bwana Mwidani alikuwa na miaka hamsini na minane, mnene kuliko kaka yake, Bwana Najib, na ni fundi wa majokofu. Juu ya kochi moja kulikuwa na msumeno wa chuma.

"Hivi ndivyo alivyonifanyia ndugu yangu," akasema. "Nimekwenda Vanga mazishini, siku tatu. Narudi nakuta vyuma ukutani kwangu. Hatusemi, tuna mwaka wa tatu sasa hatusemi, lakini hata mtu usiyesema naye humtilii vyuma nyumbani kwake. Au waonaje?"

"Ni mimi niliyevitia," nikasema.

Akanitazama.

"Wewe?"

"Mimi. Niliambiwa ni stoo."

"Stoo." Akayaangalia makochi, akaangalia zulia, akaangalia picha ya Makka iliyokuwa upande wa dirisha. "Basi leo umeiona stoo."

Nikaomba radhi. Nilimwambia kuhusu ule udi, kwamba niliunusa na nikaendelea kutoboa. Hilo lilimgusa kidogo, au lilimshangaza, kwa sababu alikaa chini.

"Nataka kuvikata," akasema. "Nimenunua msumeno mpya. Lakini mimi pia ni fundi, na ukiwa fundi hukati kitu hujui kimeshika nini. Nikivikata, itakuwaje?"

"TV ya upande ule itaanguka."

"Itaanguka yote?"

"Haiwezi kuanguka nusu, Bwana Mwidani."

Upande wa pili tulisikia sauti ya mtu akieleza habari za nyumbu wanaovuka mto. Ndiyo TV yenyewe. Ilikuwa karibu yetu sana, kama hatua moja. Bwana Mwidani akausikiliza ukuta kwa muda, kichwa kimeinama.

"Yeye yuwajua kwamba vimeshikwa na huku kwangu?"

"Hajui. Anadhani ukuta ndio unaoshika."

Nikaona mkono wake umeenda kwenye msumeno, nami nikawa najiuliza ninaweza kufika kichochoroni kwa hatua ngapi, nizunguke mbele nimwambie mzee asogee. Nyumbu wakamaliza kuvuka. Bwana Mwidani akainuka, akauweka msumeno juu ya kabati, akaniuliza kama nanywa chai ya maziwa au ya rangi.

Tukinywa chai akanieleza. Nyumba ilikuwa ya baba yao. Alipofariki, wakagawana kisheria, na hapakuwa na ugomvi wowote: Jalila akachukua uani, na ukumbi mkubwa wa mbele ukakatwa katikati kwa ukuta, nusu kwa nusu. Najib akausimamia ujenzi kwa sababu amestaafu, ana nafasi. Mwidani alirudi kutoka kazini jioni, akauona ukuta, na moyo wake ukamwambia umesogezwa.

"Futi moja," akasema. "Amenila futi moja. Nikamwambia, akasema mimi nina wazimu. Basi."

"Mlipima?"

"Cha kupima ni nini? Kitu nakiona."

Alikuwa amenunua TV ya leza kwa sababu alisikia ile ya kaka yake imeingia kwa dirisha. Yake aliibeba mwenyewe, chini ya kwapa, kutoka barabarani. Ni kiboksi tu, kina ukubwa wa sanduku dogo la nguo, unakiweka juu ya meza fupi shubiri moja na nusu kutoka ukutani, nacho kinamulika kwenda juu. Picha ingefika inchi mia na ishirini. Hilo la mia na ishirini alilitaja mara kadhaa, kila mara akiugeukia ukuta.

Watu huniuliza ipi bora, TV au leza. Mimi huwauliza kama wana pazia. TV kubwa ni nzito, inaogopa mlango na inaogopa kuangushwa, lakini jua la saa saba haiogopi. Unaiwasha mlango ukiwa wazi na rangi zinabaki zilezile. Leza ni nyepesi, picha yake ni pana na haichomi macho, kwa sababu mwanga wake unaupata umeshagonga kitambaa na kurudi, lakini ukiifungulia dirisha mchana wachezaji wote wanakuwa mizuka. Tena inataka ukuta ulionyooka kama kioo, au skrini yake maalumu iliyowambwa kwenye fremu. Kibonyeo kidogo tu kinaonekana kama jeraha.

Bwana Mwidani pazia alikuwa nazo, nzito, za buluu. Ukuta ulionyooka ndio hakuwa nao.

Niliunda fremu ya mbao yenye kina cha inchi tatu, nikaikalisha kuzunguka bolti zote sita bila kuzigusa, kisha nikaiwamba skrini juu yake. Mbawa zikafichika ndani. Ukitazama kwa mbele usingejua. Kazi hiyo sikudai malipo yake, naye hakuuliza kwa nini. Kabla ya kuondoka nikapima chumba ili niipange mashine. Futi kumi na tatu na inchi tano.

Nikafungua daftari ukurasa wa wiki tatu nyuma. Nikaangalia. Nikalifunga.

"Vipi?" akauliza.

"Vizuri," nikasema. "Chumba kinatosha."

Njiani kurudi niliwaza kwamba nina siri mbili za nyumba moja, na sikuomba hata moja. Nilikuwa na mazoea ya kuingia nyumba za watu, kufunga kitu na kutoka. Huona mambo mengi: godoro sebuleni, picha ya arusi iliyokatwa nusu, mtu anayejifanya analala. Hayanihusu. Lakini hapa bolti zilikuwa zangu, na vipimo vilikuwa vyangu. Nilikaa mwezi mzima kila simu ikilia nadhani ni Jomvu Kuu.

Ilikuwa Jomvu Kuu, Jumamosi moja alasiri, timu ya taifa ikicheza.

Baadaye Bi Jalila ndiye aliyenieleza vizuri, kwa kuwa yeye alikuwa uani akikaanga viazi na alisikia pande zote. Bwana Najib alikuwa anatazama kwa dishi. Bwana Mwidani alikuwa anatazama kwa intaneti. Ya intaneti huja imechelewa, yake ilichelewa kama nusu dakika hivi. Kwa hiyo Mwidani, pazia zimefungwa, chai mezani, aliona kijana wetu anapokea mpira katikati ya uwanja, na papo hapo akasikia upande wa pili kaka yake akipiga kelele, "Bao! Bao, wallahi!" Akakaa akalisubiri bao ambalo tayari analijua. Likaja. Halikumpa raha yoyote.

Bao la pili hivyohivyo. La wageni pia hivyohivyo: alisikia "Laa ilaha!" akajua limeingia, akamtazama kipa wetu akijipanga kwa matumaini.

Kipindi cha pili, mkwaju wa penalti. Mwidani alikuwa amesimama. Mpigaji akauweka mpira chini, akarudi nyuma, na kabla hajaanza kukimbia, Najib akashangilia. Hapo Mwidani akaupiga ukuta ngumi. Aliupiga pembeni ya fremu, mara moja tu, lakini ni mtu anayebeba majokofu.

Upande wa Najib lipu ilipasuka kutoka juu hadi chini, na TV ikainama kushoto inchi moja.

Simu yake ilinikuta nikirudi sokoni.

"Selpher," akasema Bwana Najib.

"Abee, mzee."

"Uwanja umeinama."

Nilimwambia aizime, asikae karibu, na asiiguse. Akaniuliza kama anaweza kumaliza mechi kwanza kwa mbali. Nikamwambia hapana. Bi Jalila aliniambia aliitazama hadi mwisho, amesimama mlangoni, kichwa kimelala upande.

Jumatatu asubuhi nikaenda. Bi Jalila alinipokea mlangoni. Ni mama wa maneno machache, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni. Nilipouona ufa nikajua hakuna la kuficha tena. Ukuta ulikuwa umeachia. Bolti moja ya juu ilikuwa imelegea, ikizunguka kwa kidole.

"Mzee," nikasema, "bolti hizi zimeshikiliwa upande wa pili. Upande wa pili si stoo. Mimi nimeingia mle."

Bwana Najib akaangalia dari, lakini safari hii dari halikumsaidia.

"Umeingia lini?"

"Mwezi uliopita. Mimi ndiye niliyemfungia Bwana Mwidani leza yake. Namba yangu alipewa na Bi Jalila."

Bwana Najib akamgeukia dada yake. Bi Jalila akavaa miwani, kana kwamba anataka kumwona vizuri akikasirika.

"Kulikuwa na fundi mwingine?" akauliza. "Aliyeharibu ndiye ajuaye ameharibu wapi. Inuka twende tukaone."

"Mimi siingii kule."

"Basi TV itaingia peke yake, ikianguka."

Kutoka mlango wa Bwana Najib hadi mlango wa kijani, ukizunguka kwa kichochoro, ni kama hatua arobaini. Alitembea mbele yetu, mikono nyuma. Akafika, akasimama. Akabisha hodi katika nyumba ya baba yake.

"Karibu," ikasema sauti ya Mwidani, kisha mlango ukafunguliwa, na ndugu wawili wakaangaliana. Walipeana mkono.

Niliifungua skrini kutoka kwenye fremu na kuiweka kando. Mbawa sita zikaonekana. Ile ya juu kulia ilikuwa imezama nusu ndani ya lipu, karibu kupita. Bwana Najib akasogea, akazihesabu kwa kidole kama anayehesabu mizigo bohari.

"Hizi ndizo zinazoishika TV yangu?"

"Ndizo, mzee."

"Zote sita ziko huku?"

"Zote."

Akamgeukia mdogo wake.

"Na wewe ulikuwa wajua?"

"Tangu siku ya kufunga leza," akasema Mwidani. "Fundi aliniambia."

"Na msumeno unao?"

"Ninao. Ule pale."

Bwana Najib akautazama msumeno juu ya kabati. Karatasi ya dukani ilikuwa bado kwenye meno yake.

"Aa," akasema.

Akakaa kwenye kochi bila kukaribishwa. Bi Jalila naye akakaa. Nikajifanya nakagua lipu. Bwana Najib alipozungumza tena, alizungumza na zulia.

"Nilisema stoo kwa sababu sikutaka fundi abishe kwako. Ningelazimika kukuomba. Sikuwa na jingine."

"Ungeniomba ningekataa," akasema Mwidani.

"Najua."

"Halafu ningekubali kesho yake."

"Hilo sikulijua."

Hapo Bi Jalila akasema chai iko tayari, na nadhani pangeishia hapo, pazuri. Ila Bwana Mwidani alitaka kuwa muungwana, akasema: "Hata ile futi moja nimekusamehe."

"Futi gani?" akasema Najib. "Mimi sijala futi ya mtu!"

"Nimesema nimekusamehe."

"Sitaki kusamehewa kitu sikufanya!"

Sauti zikapanda. Bi Jalila akafumba macho. Nami, sijui niliingiwa na nini, nikafungua daftari.

"Mimi nimepima vyumba vyote viwili," nikasema.

Wakanigeukia wote. Nikawasomea. Cha Bwana Najib, futi kumi na tatu na inchi moja. Cha Bwana Mwidani, futi kumi na tatu na inchi tano.

Bwana Najib, karani wa bohari miaka thelathini, akapiga hesabu pale pale.

"Yaani mimi ndiye niliyepunjwa. Inchi nne."

"Mbili," nikasema. "Ukuta ungesogea mbili tu mngekuwa sawa."

"Haiwezekani," akasema Mwidani. "Futi kamba yako ina kasoro."

Tukapima upya. Alishika Mwidani, akasoma Najib. Kisha akashika Najib, akasoma Mwidani. Kisha Bi Jalila akaleta utepe wake wa kushonea, tukapima kwa huo, na jibu likawa lilelile. Mwidani alibaki amesimama katikati ya sebule yake akiwa ameushika utepe. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyegundua kwamba kiatu anachokitafuta amekivaa.

"Miaka mitatu umeniita mwizi," akasema Najib.

"Nilikwambia wewe tu."

"Umewaambia na watu msikitini."

"Wawili."

"Watatu."

"Wa tatu alikuwa akipita."

Nilidhani Bwana Najib ataondoka. Alikunywa chai. Akasema kwa upole, kama anayeagiza mzigo, kwamba atataka inchi zake mbili.

Kwa hiyo ukuta ukavunjwa. Ungevunjwa tu, maana haukuweza kubeba kitu tena. Lakini nakumbuka kwamba kila mmoja aliukubali kwa sababu yake. Najib alitaka usogezwe. Mwidani alitaka bolti zitoke. Bi Jalila hakusema anataka nini. Mwashi, Menza, kutoka Mikindani, alileta bloku mpya, akazipanga uani, kisha akauangusha ule wa zamani kwa asubuhi moja. Tulikuwa tumekwisha kuishusha TV na kuikalisha juu ya meza mbili kwenye ukuta wa mwisho, upande wa Najib. Leza nayo tuliihamishia ukuta wa mwisho wa upande mwingine. Vumbi lilipotulia, ukumbi wa baba yao ulikuwa mzima, futi ishirini na saba, na TV mbili zinatazamana.

Menza alisema atajenga baada ya siku mbili, lipu alizoziba kwenye kuta za kando zikikauka. Nami nilitakiwa nirudi siku hiyo.

Niliporudi niliwakuta ndugu wawili wamekaa katikati ya ukumbi, migongo imeelekeana, kila mmoja akitazama yake. Ilikuwa saa nane mchana. Dirisha la Najib lilikuwa wazi, na jua lilikuwa linapita ukumbi mzima hadi kwenye skrini ya Mwidani.

"Mwambie afunge dirisha," Mwidani aliniambia. "Sioni kitu, naona ukungu."

"Mwambie TV nzuri haiogopi dirisha," akasema Najib.

"Mwambie yake inaumiza mato."

"Mwambie yangu ina rangi. Ile yake nyasi ni kijivu."

"Kijivu? Nyasi yangu ni kijivu?" Mwidani akageuka, na akaacha kusema na mimi. "Wewe ndoo hapa ukae. Ndoo! Funga dirisha uone nyasi!"

Najib akainuka, akafunga dirisha, akaja na kiti chake. Akakaa upande wa mdogo wake, akaitazama ile picha ya inchi mia na ishirini kwa muda mrefu. Akavua miwani, akaipangusa, akavaa.

"Ni kubwa," akasema.

"Nyasi je?"

"Nyasi ni kijani. Lakini kijani cha jioni."

"Basi jioni tutazame hii."

"Na mchana?"

"Mchana tutatazama yako. Nimekataa? Nimesema nimekataa?"

Waliendelea hivyo mpaka alasiri. Wakabishana kuhusu weusi wa rangi nyeusi, kuhusu sauti, kuhusu paka wa Bi Jalila aliyependa kulala juu ya mashine ya leza kwa sababu ya joto lake, na kila alipopita mbele ya mwanga mashine ilijififisha ili isimchome macho. Najib akasema TV yake haimjali paka. Mwidani akasema ndiyo maana haina adabu. Menza alikuja na ndoo yake ya simiti, akasimama mlangoni, akasikiliza, akaniuliza ukuta unapita wapi. Nikamwambia aulize wenyewe. Aliwauliza. Wakasema wote wawili, bila kugeuka, "Subiri kwanza."

Akasubiri hadi magharibi, kisha akaondoka. Alirudi wiki iliyofuata, wakamwambia vilevile. Baadaye akapata kazi Mtwapa na hakurudi tena. Wale ndugu waliniacha niwafungie TV pale pale kwenye ukuta wa mwisho, ambao ni wa mawe ya zamani, unene wa mkono mzima. Ule ungebeba hata jokofu.

Wale wazee hawajapatana hasa, ukiniuliza mimi. Bado kila mmoja ana mlango wake, na funguo zake, na Bwana Najib bado hukumbusha zile inchi mbili mgeni akija. Chaki ameichora sakafuni mahali ukuta unapostahili kupita, na Mwidani hufuta kwa mguu akipita, bila haraka. Lakini chakula huliwa ukumbini, pamoja.

Bloku za Menza zilikaa uani mvua mbili. Mwisho Bi Jalila alizitumia kujengea banda la kuku. Mwezi uliopita aliniita nimfungie balbu mle ndani, na nilipofika kuku walikuwa saba, na mmoja alikuwa amelalia mayai.

"Ukuta huu ni wa bloku za inchi nne," Bi Jalila aliniambia, akinishikia ngazi. "Toboa taratibu."